Sijda Ndefu za Rajabu

Nyie vijana wa mazoezi ya viungo, mkipita hapa Mikumi mkashuka kunisalimia, hamkosi kuniuliza swali lile lile: bibi, zamani bila vipimo hivi vya kisasa mlijuaje kwamba mtoto ana ugonjwa wa misuli? Mnaniuliza huku mmeinamia simu. Nami huwajibu, kwa peremende. Mnacheka. Chekeni tu, ila mkimaliza wekeni hizo simu chini mnisikilize, maana mimi nikishaanza sirudii.

Chumba chetu cha mazoezi pale hospitali ya Kilosa kilikuwa na baiskeli moja isiyokwenda popote, na pedali yake ya kushoto aliichonga fundi seremala. Basi, hiyo ndiyo mashine. Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kobelo, Mungu amrehemu, mtu mrefu, mkali wa saa, mfuko wa koti lake umejaa peremende za mnanaa. Mtoto akiingia, hakumwambia kaa wala simama. Aliidondosha peremende sakafuni kama mtu ambaye hajui imemtoka, kisha akasema, aa, hebu niokotee mjukuu wangu, mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa unamuuma hata kidogo. Alikuwa anaangalia mtoto anavyonyanyuka.

Mtoto mzima anaokota na kusimama kabla hujapepesa jicho. Mwenye ugonjwa huu anaokota vizuri kabisa, halafu sasa kunyanyuka ndiko kwenye kazi. Anapiga magoti, anatanguliza makalio juu, anashika vifundo vya miguu, anashika magoti, anashika mapaja, anajipanda mwenyewe kwa mikono mpaka anasimama wima. Ukishakuona huko kujipanda huwezi kukusahau. Kipimo cha damu kinakuja baadaye kukuthibitishia, na ni kizuri, msije mkasema bibi kasema vipimo havina maana. Ila jicho ndilo linalomtuma mtoto kwenye kipimo.

Kitu kingine ni vigimbi. Vigimbi vya watoto hawa vinajaa, vinakuwa vigumu ukivibonyeza, na watu kijiweni wanavisifia. Mtoto anaambiwa huyu ni mchezaji mtupu, mtazameni miguu. Kumbe ndani misuli inaliwa kidogo kidogo, na kinachojaza nafasi yake ni mafuta. Nimewahi kumwona mzazi analeta mtoto kwangu huku anajivunia vigimbi hivyo hivyo. Roho iliniuma, lakini ilibidi niseme.

Kusema nako kuna namna yake. Mimi ni mtoto wa Kimamba. Babu yangu aliletwa kukata mkonge, akafia pale, na nyumba yetu ilinukia katani mpaka kwenye mashuka. Mpaka leo nikipita karibu na mkonge uliokatwa jana, nasimama tu kama mjinga, nanusa, nakumbuka mama yangu. Kwa hiyo niliwaeleza wazazi kwa katani. Niliwaambia, mnajua nyuzi za katani hupakwa mafuta ndipo zisokotwe kamba. Zisipopakwa, leo unavuta unakatika uzi mmoja, kesho mwingine. Mtoto wenu kazaliwa, misuli yake imekosa kitu cha kuilinda namna hiyo. Hakurogwa, wala mama hakukosea chakula alipokuwa mjamzito. Hapo nilikuwa naona mabega ya mama yanashuka kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Na kwa sababu hiyo hiyo, msije mkamkimbiza mtoto huyu mlimani mkidhani mnampa nguvu. Kila akivuta kupita kiasi, nyuzi zinakatika zaidi. Kule Vidunda kulikuwa na baba mmoja aliyemtwisha mwanawe ndoo za maji kila siku, apande nazo mlima, ati miguu ikomae. Tulipomkataza alinuna, akasema hospitali inamfundisha mtoto uvivu. Alipotulia akaanza kuzibeba mwenyewe, na alipokuja tena kwetu alikuja kwa ajili ya kiuno chake. Bwana Kobelo alicheka mpaka akatoka nje.

Enzi zile tuliwafuata watoto huko waliko. Kidete nilikwenda kwa kiberenge cha reli, nimekaa kati ya mafundi wa njia na masururu yao, khanga nimejifunga kichwani kwa upepo, Mto Mkondoa unapita pembeni. Mafundi wale walinitania njia nzima kwamba daktari wa miguu mwenyewe anaogopa kushuka. Ni kweli niliogopa. Natamani nipande tena hata mara moja, nao wanitanie hivyo hivyo.

Sasa niwape habari ya Rajabu, ambayo ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo.

Mama yake aliuza vitumbua karibu na stesheni ya Kimamba. Alikuja kwangu kwa ajili ya mgongo wake, si kwa ajili ya mtoto. Nikamuuliza ananyanyua nini, ndoo, magunia? Akasita, akasema namnyanyua huyu. Nikageuka kumtazama huyo anayenyanyuliwa. Ni mvulana wa shule, mkubwa tu, kanzu nyeupe, kofia, amesimama kaegemea ukuta, tumbo mbele na mgongo umebinuka. Akaniamkia, shikamoo bibi, kwa adabu iliyokamilika. Nikaitikia marahaba, na peremende ikanidondoka.

Rajabu akaitazama, akanitazama mimi. Akasema, "Samahani bibi, nimefunga."

Mama yake akamgeukia kwa mshangao, akamuuliza kafunga lini wakati kala vitumbua asubuhi hii hii, tena vya kuuza.

"Nimefunga kuanzia sasa," akasema Rajabu.

Nilicheka, jamani. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mtoto aliyewahi kuikwepa peremende ya Bwana Kobelo kwa akili namna ile. Lakini kicheko hakikukaa, maana mtoto anayekwepa kuinama anajua kwa nini anakwepa.

Mama akanieleza kwamba shuleni mtoto anadondoka dondoka, wenzake wamempa jina la Goigoi na hawampangi kwenye mpira. Ila madrasa, akasema uso ukimng'aa, madrasa ndiye kinara. Akisujudu hainuki upesi kama watoto wengine wanaodonoa donoa kama kuku. Anakaa kwenye sijda mpaka safu nzima imekwisha simama. Mwalimu Seif, mwalimu wake wa madrasa, alimfanya mfano, na watoto wenzake wakawa wanachapwa ili wasujudu kama yeye. Kimamba nzima walimwita Shehe.

Nikamtuma mama akaniletee maji ya kunywa kisimani. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale nyuma ya mlango, naye hakuiona. Alipotoka tu, Rajabu akaniambia kwa sauti ya chini, macho kwenye kofia yake, "Bibi, mimi si mchamungu. Nashindwa kunyanyuka. Ukimwambia mwalimu, nimekwisha."

Mnaona mtego aliokuwamo mtoto yule? Uwanjani ni Goigoi, madrasa ni Shehe, na miguu ni ile ile. Jina lile la pili ndilo lililokuwa linamwamsha asubuhi. Nikamwahidi kwamba mimi sitamwambia mwalimu habari ya sijda. Ugonjwa nitausema, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini sijda ni zake, atasema mwenyewe akitaka. Akanikazia macho kuona kama naongopa, halafu akaikubali peremende. Saumu ikafa hapo.

Matibabu yenyewe mnayajua, kwa hiyo nitayapitia haraka. Tulimpeleka akapimwa damu Morogoro, na majibu yakawa yale tuliyoyaogopa. Daktari akamwandikia vidonge vya steroidi. Nikamfundisha mama kunyoosha nyayo za mtoto kwa khanga kila siku, polepole, huku wanapiga hadithi, kwa kuwa mtoto akikaza mwili kwa maumivu unanyoosha bure. Tukampa viatu vya plastiki vya kulalia ili nyayo zisijikunje. Vidonge vikamvimbisha mashavu, na Kimamba wakaanza kumpongeza mama, mtoto kanawiri, mtoto kapona. Mama naye akashawishika kuviacha. Nilipanda bodaboda siku ile ile niliposikia, nikamfokea mama wa watu mbele ya wateja wake. Dawa ile haiachwi ghafla, inaweza kumwangusha mtoto vibaya. Baada ya kumfokea nilinunua vitumbua, akaniongezea viwili vya bure, tukaelewana.

Ila kiti mwendo Rajabu alikikataa katakata. Nilimweleza kwamba si adhabu, kitamtunzia nguvu za kufanyia mambo mengine, aendelee kutembea kidogo kidogo na umbali aende nacho. Akakataa. Alikataa hata kushikwa mkono njiani. Nyumbani alimruhusu mama yake kumnyanyua, mlango ukiwa umefungwa. Nje, mtu yeyote asimguse. Akikaa kwenye kiti, akasema, watu watahesabu nyuma mpaka kwenye sijda, wajue kumbe nilikuwa nashindwa kunyanyuka.

Siku moja akitoka madrasa alidondoka relini. Watoto wengine walikuwa wametangulia, naye hakumwita hata mmoja. Alilala pale katikati ya reli, kanzu yake nyeupe na juzuu kifuani, akisubiri wapotee machoni ndipo ajipande mwenyewe bila kuonekana, lakini mikono haikutosha. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemwona akamtoa. Treni haikuwa karibu siku ile, Mungu mkubwa. Nilipoambiwa nilikaa chini. Nilikuwa naogopa kuvunjika mguu tu, maana mtoto wa ugonjwa huu akivunjika mara nyingi ndiyo mwisho wa kutembea. Sikuwa nimefikiria treni. Tangu hapo nikajua kwamba lile jina la Shehe linaweza kumuua kabla ya ugonjwa.

Wakati huo huo wakaja watafiti kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wanatafuta familia zenye watoto wa namna hii, wachukue damu ya mtoto na ya mama, wajue hitilafu iko wapi hasa katika vinasaba. Uvumi ukawahi kuliko gari lao. Wakasemwa mumiani, wananyonya damu wakauze. Mwalimu Seif ndiye aliyelimaliza jambo. Alikuja pale kwa mama Rajabu, akakunja mkono wa kanzu, akawaambia watoe yake kwanza kama ni ya kuuza, aone bei. Watu wakacheka, uvumi ukakosa nguvu. Watafiti wale walikuwa wakweli, nawasifu kwa hilo. Walimwambia mama wazi kwamba utafiti huu hautamponya Rajabu, huenda utawasaidia watakaozaliwa. Mama akawaza kidogo, akasema na hao si watoto? Akatoa mkono.

Leo nyie mnanionyesha kwenye simu habari za dawa zinazojaribiwa huko nje, za kurekebisha ile hitilafu yenyewe. Nafurahi, na nalia kidogo pia, niacheni. Rajabu hakuzikuta. Alipumzika akiwa kijana, kifua kikiwa kimechoka, baada ya miaka mingi kuliko tuliyoitarajia. Msisahau kifua na moyo wa watoto hawa, si miguu peke yake. Lakini miaka hiyo aliyoishi, aliiishi nje na watu, na hiyo ilianza siku ya Maulidi ya madrasa.

Ilitakiwa nauli ya kwenda kliniki ya Dar, na kiti mwendo, ambacho tulikuwa tunakitafuta kwa imani kwamba mwenye kukikataa atakuja kukikubali. Mwalimu Seif akaunda kamati, kama ya harusi, yenye mwenyekiti na katibu na mtu wa kulalamikia chai. Wakaamua mchango ufanyike kwenye Maulidi, baada ya alasiri, uwanjani pale mbele ya madrasa. Mimi Mkatoliki nikaalikwa, nikajitanda khanga, nikakaa upande wa kina mama pamoja na mama Rajabu.

Rajabu walimkalisha mbele kabisa, kwenye mkeka, pamoja na wasomaji. Alisoma vizuri, sauti ile ilikuwa nzuri mpaka kina mama wakawa wanapunguza kugonganisha vikombe. Lakini mimi nilikuwa simtazami kwa raha. Nilikuwa nimemuuliza jirani yangu kuna nini mbele, akaniambia sasa inakuja kiyamu. Kwenye Maulidi, kama hamjui, hufika mahali pa kumsalia Mtume ambapo watu wote husimama. Hapo ndipo panaitwa kiyamu. Nikageuka kwa mama Rajabu. Alikuwa ameng'ata pindo la khanga yake.

Kiyamu kikafika. Uwanja mzima ukasimama, wazee kwa watoto, na kasida ikapaa. Rajabu akabaki chini. Nilimwona anatazama kulia, anatazama kushoto, kote ni miguu ya watu. Hakutaka kujipanda mbele ya Kimamba nzima. Akafanya alichokizoea. Akasujudu.

Sasa mahali pale hapasujudiwi, hata mimi nilijua. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja akakunja uso, lakini bibi aliyekuwa mbele yangu akaanza kulia, akasema mtoto kazama, mtoto kazama kwa mapenzi. Kiyamu kikaisha, watu wakakaa, naye bado paji la uso lipo mkekani. Mwalimu Seif akakamata kipaza sauti. Akasema mnamwona huyu? Mgonjwa hivi, miguu haina nguvu, na bado anasujudu kuliko nyie wazima. Basi tumchangie Shehe wetu kwa ajili ya uchamungu wake huu.

Rajabu akajisukuma kwa mikono mpaka akakaa. Akamvuta mwalimu kanzu. Mwalimu akachuchumaa kumsikiliza, na kile kipaza sauti akasahau kukizima.

"Mwalimu, usiseme hivyo," sauti ya Rajabu ikatoka kwenye spika zote mbili. "Mimi nikisujudu nakaa kwa sababu siwezi kunyanyuka. Tangu zamani. Siyo uchamungu."

Mama Rajabu akanishika mkono akaubana mpaka pete yangu ikaniumiza. Nikamtazama Mwalimu Seif. Mtu aliyechapa watoto wa watu miaka yote ile waige kile alichokiona, mnadhani aseme nini? Nilidhani atakasirika. Akauliza taratibu, "Ukiwa pale chini, huwa unasema nini?"

Rajabu akajibu. "Nasema, Mola wangu, niinue."

"Kila siku?"

"Kila swala."

Mwalimu akakiweka kipaza sauti mkekani. Alichosema baada ya hapo tulikisikia kwa sababu hakuna aliyekuwa anapumua. "Na mimi siku zote hizo nimesimama hapo hapo mbele yako." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikuinue?"

Mtoto yule aliyekubali kulala relini kuliko kuguswa na mtu, akatutazama sote tuliokaa pale, upande wa wanaume na upande wetu. Akasema, "Niinue."

Mwalimu akamshika kwapani, kama mnavyomnyanyua mtoto yeyote. Na hapo, wanangu, ndipo makosa yanapofanyika. Mtoto wa ugonjwa huu mabega yake hayana misuli ya kuyashikilia. Ukimshika kwapani mikono inapanda juu, anachuruzika anatoka chini. Nikamwona Rajabu anaanza kuteleza. Nikasahau ugeni wangu, nikasahau Maulidi, nikasimama na khanga yangu nikapiga kelele, "Si kwapani, mwalimu! Mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya mapaja!"

Wanaume wote wakageuka. Mwalimu Seif akatii papo hapo. Akampitishia mkono mgongoni, mwingine chini ya mapaja, akasimama naye, na kichwa cha Rajabu kikawa juu ya vichwa vyetu sote. Mwalimu akanitazama mimi huku mbali, akauliza, na sasa nimweke wapi?

"Usiniweke kwanza," Rajabu akasema.

Mwalimu akawageukia wasomaji, akawaambia warudie kiyamu. Mzee yule aliyekunja uso ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Tukasimama wote, na Rajabu akasimama nasi mikononi mwa mwalimu wake, anaimba.